Idi ya mwaka jana kwenye kalenda ya mwaka huu: kisa cha kuondoa kighairi cha ratiba

Usiku wa Jumanne, Machi 31, 2026, kazi za kompyuta za kufunga hesabu za mwezi katika chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Dodoma hazikuanza. Kazi ikifeli huacha alama: mstari mwekundu kwenye skrini, meseji kwa mtu wa zamu, mistari ya kusoma kwenye logi, yaani kumbukumbu ya mfumo. Kazi ambayo ratiba imeambiwa iiruke haiachi chochote. Asubuhi ya Jumatano skrini ya programu ya kuratibu kazi ilikuwa ya kijani kutoka juu hadi chini.

Chama chenyewe sitakitaja. Wanachama wake wengi ni walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri, wa mjini na wa Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, na marejesho ya mikopo yao hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Kila siku ya mwisho ya mwezi, saa 4 usiku, programu huamsha mlolongo wa kazi: kupokea mafaili ya makato kutoka kwa waajiri, kuyalinganisha na mikopo, kukokotoa riba ya salio linalopungua, kuingiza malipo kwenye akaunti za wanachama, kisha kufunga mwezi. Saa 12 asubuhi inayofuata, kazi nyingine hupita kwenye mikopo yote kuangalia nani hajarejesha. Anayekutwa nyuma huwekewa adhabu na kutumiwa meseji.

Kazi hiyo ya saa 12 ilitimiza wajibu wake. Ikakuta mamia ya mikopo ambayo rejesho la Machi halijaingia, ikaweka adhabu, ikatuma meseji. Muuguzi wa Mpwapwa ambaye mshahara wake ulishakatwa aliamka na ujumbe unaomwambia amechelewa kulipa. Dada wa dawati la wanachama alipofungua ofisi, simu zilikuwa zinaita tayari.

Mimi husaidia chama hicho na mifumo yake kutoka nje, na niliitwa asubuhi hiyo. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kuondoa kighairi, yaani agizo la kuruka siku fulani kwenye ratiba, kunaonekana kama jambo la kubofya mara moja, na ni katika kubofya huko ndiko watu wengi huzalisha tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza.

Mwezi gani unafungwa?

Nilimkuta kijana wa TEHAMA ameshafungua kazi ya kwanza ya mlolongo.

"Kaka, niiendeshe sasa hivi? Nusu saa tu tumemaliza."

Kabla sijajibu, mhasibu mkuu, mama mtu mzima aliyefunga hesabu za chama tangu enzi za vitabu vya mkono, alimuuliza: "Mwanangu, ukiiendesha leo, itafunga mwezi gani?"

Lilikuwa swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Kazi ya kufunga mwezi huchukua tarehe kwenye saa ya seva isipopewa nyingine. Ingeendeshwa Aprili 1 bila maelezo, ingehesabu riba hadi Aprili 1 na kutafuta makato ya Aprili ambayo hayapo. Machi ingebaki wazi na Aprili ingeanza na uchafu. Tarehe ambayo kazi inafanyika na tarehe ambayo hesabu inaihusu ni vitu viwili, na siku ambazo ratiba imevurugika ndizo siku ambazo vinaachana. Tukasitisha kila kitu kinachogusa mikopo, pamoja na kazi ya saa 12, ili isirudie kuweka adhabu kesho yake. Ndipo tukaanza kutafuta.

Idi mbili ndani ya Machi moja

Programu za namna hii, ziwe za makampuni makubwa au za bure, nyingi hupanga siku kwa kanuni mbili. Moja inataja siku za kufanya kazi: kila siku, kila Jumatatu, siku ya mwisho ya mwezi. Nyingine inataja siku za kuruka, na hizo ndizo vighairi vya ratiba. IBM Workload Scheduler ina mizunguko ya kujumuisha na mizunguko ya kutoa. AutoSys ina kalenda ya kuendeshea na kalenda ya kuzuia. Zikigongana, inayozuia hushinda. Cron, ile kongwe ya Unix, haina mahali pa kuandika kighairi kabisa: ina dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki, basi. Anayetaka kuruka sikukuu huandika sharti ndani ya skripti yake, ambako ni vigumu zaidi kuonekana. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kuweka vighairi. Faili la malipo likipelekwa benki siku ambayo benki imefungwa, litarudi au litakwama, na wa kuteseka ni mwanachama aliyeomba fedha zake.

Tulifungua utabiri wa ratiba, ule ukurasa unaoonyesha programu inakusudia kufanya nini na lini. Kufunga mwezi: Januari 31 ipo, Februari 28 ipo, Machi 31 haipo, Aprili 30 ipo. Tukaenda kwenye kalenda ya sikukuu. Machi ilikuwa na Idi el Fitri mbili. Moja ya mwaka huu, karibu na tarehe 20, iliyoingizwa sawasawa. Nyingine, Machi 31 na Aprili 1, yenye alama ya "kila mwaka".

Hapo kisa kilijieleza. Mwaka 2025 Idi iliangukia Jumatatu, Machi 31. Aliyeshika mifumo wakati ule, ambaye ameshahama, aliingiza siku mbili za mapumziko, na katika dirisha la programu hiyo chaguo la "kila mwaka" huja likiwa limewekwa tayari. Kwa sikukuu nyingi ni sawa: Mapinduzi ni Januari 12, Karume ni Aprili 7, Muungano ni Aprili 26, Nane Nane ni Agosti 8. Idi hufuata mwezi mwandamo. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, ndiyo maana Idi husogea mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka. Inawezekana kupata Idi el Fitri mbili katika mwaka mmoja wa kawaida, kama mwaka 2000 ilipoangukia Januari na tena Desemba. Mbili ndani ya Machi moja haiwezekani. Yeyote ambaye angeisoma kalenda ile angeshtuka, lakini hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuisoma.

Kwa nini shida haikujitokeza miaka ya nyuma? Pitia sikukuu zetu zenye tarehe moja, kuanzia Januari 1 hadi Desemba 26: hakuna hata moja inayoangukia siku ya mwisho ya mwezi. Mlolongo wa kufunga mwezi uliunganishwa na kalenda ya sikukuu tangu mwanzo, na muunganiko huo haukuwahi kumgusa mtu mpaka sikukuu ya kuhama ilipotua kwenye tarehe 31. Mwaka 2025 wahasibu walijua, wakafunga mwezi kwa mkono waliporudi kutoka Idi, na jambo likaonekana limekwisha.

Kufuta au kuwekea mwisho

Pendekezo la pili la kijana lilikuwa kufuta vighairi vyote na kuviingiza upya kimoja kimoja. Lilitoka kwenye nia njema. Lakini ilikuwa Jumatano, Aprili 1. Ijumaa ya Aprili 3 ni Ijumaa Kuu, Aprili 6 ni Jumatatu ya Pasaka, Jumanne ya Aprili 7 ni Karume. Siku tatu ambazo benki zimefungwa zilikuwa mlangoni, na kalenda tupu hata kwa saa chache ingetosha kupanga mafaili ya malipo kwenye siku hizo.

Hata kuifuta mistari miwili tu ya Idi ya zamani nilikataa. Kighairi cha Machi 31, 2025 kilikuwa halali siku ile. Kikifutwa, kumbukumbu ya kwa nini mwezi ule ulifungwa kwa mkono hufutika nacho, na mkaguzi akija atakuta pengo lisilo na maelezo. Kuna hatari kubwa zaidi. Baadhi ya programu zina tabia ya kufidia: zikiona siku iliyopaswa kuwa na kazi na haina, huiendesha kwa kuchelewa. Airflow inao uwezo huo, na Task Scheduler ya Windows inaweza kuagizwa ianzishe mara moja kazi iliyopitwa na wakati wake. Katika programu yenye tabia hiyo, kufuta kighairi cha zamani kunaweza kuifanya siku ya zamani ionekane kama deni. Chama hakina haja ya kufunga Machi 2025 mara ya pili.

Tulichofanya ni kuiacha mistari ile na kuiwekea mwisho: badala ya "kila mwaka", mwaka 2025 peke yake. Historia ikabaki, siku zijazo zikawa huru. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya kwanza ya kufikiria kila mara mtu anapotaka kuondoa kighairi ambacho kimeshawahi kufanya kazi. Kufuta kabisa ni kwa kile tu ambacho tarehe yake ya kwanza bado haijafika. Mfano mzuri ni tarehe mbili za Idi zinazowekwa kabla mwezi haujaandama: Mufti akishatangaza, ile isiyotumika ifutwe siku hiyo hiyo. Haina historia ya kulinda.

Viwango vya kalenda vinaelekea huko huko. Muundo wa iCalendar, ambao programu hutumia kubadilishana kalenda, katika waraka wake wa kiufundi wa mwaka 1998, RFC 2445, uliruhusu kanuni ya kuruka inayojirudia, iliyoitwa EXRULE. RFC 5545 ya mwaka 2009 iliachana nayo na kubakiza EXDATE, yaani tarehe za kuruka zinazotajwa moja moja.

Nakala ya pili

Baada ya kubadilisha kalenda tulifungua utabiri tena, safari hii tukavuta hadi 2027. Machi 31, 2027 bado haikuwepo.

Hili ndilo eneo ambalo wengi hukata tamaa au huanza kubofya ovyo. Kighairi kinaweza kukaa kwenye kalenda inayotumiwa na kazi nyingi, kwenye ratiba ya mlolongo mmoja, au kwenye kazi yenyewe iliyosimamishwa kwa mkono. Kwa kuwa kuzuia hushinda, kuondoa katika ngazi moja hakusaidii ikiwa ngazi nyingine bado inazuia. Tulikuta ratiba ya kufunga mwezi ilikuwa na kighairi chake chenyewe cha tarehe ileile. Yaelekea aliyekiweka 2025 hakuwa na uhakika kwamba kalenda ingetosha, akaweka mara mbili. Nacho tukakiwekea mwisho.

Tulichapisha utabiri wa kabla na wa baada, tukaulinganisha mstari kwa mstari pamoja na mhasibu. Tofauti ilipaswa kuwa Machi 31 na Aprili 1 za miaka ijayo tu. Ndivyo ilivyokuwa kwa kufunga mwezi. Lakini mhasibu aliona kitu kwenye safu ya jirani: faili la malipo la benki, linalokwenda kila siku ya kazi, lilikuwa limepata siku mpya pia.

Kalenda ile ni ya wote. Kumbe faili la benki nalo halikwenda Jumanne, na la Jumatano halikuwa limepangwa. Hakuna aliyelalamika kwa kuwa malalamiko yote ya asubuhi yalihusu adhabu. Ndani ya mafaili hayo kulikuwa na watu walioomba kutoa akiba zao: ada, matibabu, mbao za kuezekea kabla mvua haijaharibu ukuta. Walikuwa wanasubiri bila kujua kwamba mashine ilikuwa inasherehekea Idi ya mwaka uliopita.

Tukapitia kila mstari wenye alama ya "kila mwaka". Tukakuta Agosti 23. Mwaka 2022 siku hiyo ilikuwa mapumziko kwa ajili ya Sensa ya Watu na Makazi. Ilikuwa mapumziko mara moja, na kalenda ikaiendeleza. Agosti 23 ya 2023 ilikuwa Jumatano na ya 2024 ilikuwa Ijumaa, siku za kazi zote mbili. Rekodi za malipo zilionyesha mafaili ya siku hizo yalikwenda siku ya kazi iliyofuata. Yale ya 2024 yalisubiri hadi Jumatatu. Miaka miwili mfululizo, na hakuna aliyejua.

Mpango uliokwisha pangwa

Kijana alitarajia kwamba tukishahifadhi mabadiliko, faili la benki la Jumatano lingejitokeza lenyewe kwenye orodha ya leo. Halikujitokeza, na si kasoro. Programu nyingi za daraja hili hazisomi ratiba kila dakika. Zinatengeneza mpango wa siku mara moja, kisha zinaufuata. Control-M hufanya hivyo katika utaratibu wake wa siku mpya. IBM Workload Scheduler hurefusha mpango kwa kazi iitwayo JnextPlan, kwa kawaida kila baada ya saa 24. Ukibadilisha ratiba mchana, umebadilisha mipango ijayo. Mpango wa leo ulishapangwa usiku, kighairi kikiwa hai, na kazi ya leo lazima iingizwe kwa mkono. Atakayelisahau hili ataamini mabadiliko yake hayakufanya kazi, atayarudia kwa njia nyingine, na kesho kazi itatokea mara mbili.

Kazi iliyosimamishwa kwa mkono nayo ina hila zake. Katika AutoSys, kazi iliyokuwa kwenye "hold" ikiachiliwa huanza papo hapo kama masharti yake yametimia. Iliyokuwa kwenye "ice" husubiri masharti yatimie upya, na muda wote ilipokuwa humo kazi zinazoitegemea ziliihesabu kuwa imefaulu. Kabla ya kuachilia kazi yoyote, jua uliisimamisha kwa namna gani.

Hapo pia ndipo tulipopata jibu la kwa nini kazi ya saa 12 ilijiendea. Kwenye mchoro ilikuwa inategemea kufunga mwezi. Lakini kufunga mwezi hakukuwepo kwenye mpango wa usiku ule, na programu hii ikiikosa kazi inayotangulia kwenye mpango huhesabu kwamba hakuna cha kusubiri. Programu nyingine zingesubiri milele. Zote mbili zina hatari, na ni vizuri kujua yako iko upande gani kabla sikukuu haijakufundisha.

Kurudisha siku nyuma

Kuondoa kighairi hakurudishi kazi iliyokosekana. Mpangilio wa kurudisha ulitoka kwa mhasibu, nami niliufuata. Kwanza adhabu zote za asubuhi zibatilishwe, kwa maandishi ya kubatilisha yanayoonekana kwenye akaunti, kwa sababu kama zingebaki, riba ingehesabiwa juu ya salio lisilo sahihi. Kisha mlolongo wa kufunga mwezi uendeshwe kwa tarehe ya Machi 31 iliyoandikwa wazi, hatua kwa hatua, ukisimama kabla ya hatua ya mwisho ili jumla ya makato ilinganishwe na mafaili ya waajiri. Jumla zilikubaliana. Mwezi ukafungwa. Baada ya hapo ndipo kazi ya saa 12 ilipoendeshwa upya, na orodha ya waliochelewa kweli ikatoka fupi, kama ya miezi mingine.

Mafaili mawili ya benki yalihitaji simu kwanza. Kila faili lina namba ya mfuatano, na benki ilitaka la Jumanne liingie na kukubaliwa kabla ya la Jumatano kutumwa. Yote yalipita kabla ya saa ya mwisho ya kupokea. Kama tungechelewa siku mbili, wanachama wale wangekwenda Pasaka bila fedha zao na kusubiri hadi Jumatano ya Aprili 8.

Meseji ya kuomba radhi nilishauri iende siku hiyo hiyo, kwa lugha ya wazi: rejesho lako limepokelewa, adhabu imeondolewa, kosa ni la mfumo wetu. Meneja alisita kidogo, akiogopa kukiri. Dada wa dawati akamwambia, "Bosi, mimi ndiye napokea simu. Tuwaambie." Meseji ikaenda.

Mabadiliko yaliyofuata ni machache. Kila kighairi sasa kina jina la aliyekiomba, sababu na mwaka wa mwisho. Idi, Maulidi na Pasaka haziwezi kuwekwa "kila mwaka". Kufunga mwezi kumetolewa kwenye kalenda ya sikukuu, maana hakuhitaji benki wala mhasibu kuwa kazini. Kikitokea cha kuzuia, mhasibu mkuu ndiye atakayeamua. Kazi ya saa 12 sasa hukagua yenyewe kwenye hesabu kama mwezi uliopita umefungwa, na kama haujafungwa inakataa kuanza na kumpigia mtu kelele. Na kumewekwa kazi ndogo inayouliza kila siku ya mwisho ya mwezi, saa 5 usiku: mlolongo umeanza? Hiyo ndiyo iliyokosekana kuliko zote, kwa sababu hakuna kengele ya kawaida inayolia kwa kitu ambacho hakikupangwa kutokea.

Alhamisi, Aprili 30, saa 4 usiku, mlolongo ulianza. Ijumaa ya Mei Mosi faili la benki halikupangwa, kama ilivyotakiwa, na kazi ya saa 12 ilipita baada ya mwezi kufungwa. Bado halijaamuliwa nani atashika kalenda kijana huyu naye akihama. Mhasibu anataka iwe idara yake, TEHAMA wanaona ni yao. Mimi niko upande wa mhasibu, na suala limepelekwa kwenye kikao cha bodi.